Je, Chema Chajiuza? Tuzo ya Eugenio Montale na Dhima ya Wanakiswahili

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni methali hii ina ukweli wake, kwa kuwa mnunuzi huliona embe bivu, akalishika na kulinusa kabla ya kutoa fedha. Katika fasihi, hata hivyo, methali hiyo hiyo imetuponza. Tumeichukulia kuwa kanuni ya kwamba shairi zuri litajipenyezea lenyewe hadi kwa msomaji wa mbali, na kwamba lisipopenya, basi kosa ni la huyo msomaji. Kila mwezi wa Oktoba, Akademia ya Uswidi inapomtangaza mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, malalamiko huzuka miongoni mwa wanakiswahili: mbona lugha hii, ambayo UNESCO inaikadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, haijatuzwa hata mara moja? Tuzo ilipomwendea Abdulrazak Gurnah mwaka 2021, furaha yetu ilichanganyika na uchungu, kwa maana mzawa huyo wa Zanzibar ameziandika riwaya zake kwa Kiingereza.

Makala haya yanapendekeza tulitazame suala hili kupitia kisa cha mshairi mmoja Mwitaliano, Eugenio Montale, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1975. Nimemteua kwa sababu hakuwa na zile sifa ambazo aghalabu sisi hudhani ndizo zinazomletea mwandishi tuzo. Hakuandika kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa. Hakuwa na wingi wa vitabu. Ushairi wake ni mgumu hata kwa Waitaliano wenyewe. Pamoja na hayo yote, ushairi huo ulitoka Genova ukafika Stockholm. Swali la kujiuliza ni: ulifikaje? Msimamo wangu ni kwamba mshairi hatuzwi peke yake. Nyuma yake huwapo mchapishaji aliyethubutu, mhakiki aliyedumu na mtafsiri aliyetaabika. Na kwa upande wa Kiswahili, sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwa wale wanaolisoma jarida hili.

Mshairi wa Diwani Chache

Montale alizaliwa mjini Genova tarehe 12 Oktoba 1896, katika familia ya wafanyabiashara. Afya yake ya utotoni haikuwa nzuri, na masomo yake rasmi yaliishia kwenye uhasibu. Hakupita chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa alijifunza uimbaji wa opera, akatamani sauti yake nzito impatie riziki jukwaani, lakini mwalimu wake alipofariki mwaka 1923 ndoto hiyo ilizimika. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Miezi ya kiangazi ya utoto na ujana wake aliipitisha Monterosso, kijiji cha pwani ya Liguria chenye miamba, jua kali na bahari iliyo hatua chache kutoka mlangoni.

Pwani hiyo ndiyo iliyozaa diwani yake ya kwanza, Ossi di seppia, iliyotoka mwaka 1925. Jina hilo lina maana ya mifupa ya ngisi. Yeyote aliyewahi kutembea ufuoni Lamu au Malindi anaujua mfupa huo mweupe, mwepesi, ambao mawimbi hutupa mchangani mnyama mwenyewe akiwa ameshakufa. Kwa Montale mfupa huo ni taswira ya kile kinachosalia maisha yanapokwisha kukwanguliwa na bahari. Italia ya wakati huo ilikuwa imezoea ushairi wa fahari, hasa ule wa Gabriele D'Annunzio, wenye sauti ya juu, mashujaa na maneno ya dhahabu. Montale alikuja na ukuta wa bustani, mti wa mlimau, jongoo la mawe na maneno makavu. Hakuwa na ahadi yoyote ya kumpa msomaji, na Akademia ya Uswidi ilipomtuza miaka 50 baadaye iliusifu mtazamo huo huo wa maisha usiojidanganya.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atatambua upesi kwamba mabadiliko haya yana ndugu yake kwetu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya tuzo ya Montale, mjadala wa ushairi huria na ushairi wa arudhi uliwaka moto ambao majivu yake hayajapoa hadi leo. Ipo tofauti moja inayofaa kuzingatiwa. Montale hakuitupa arudhi yote jalalani. Mshororo wa mizani 11, ambao ni nguzo ya ushairi wa Kiitaliano tangu Dante, bado unasikika katika beti zake, ila umevunjwavunjwa na kufichwa. Vina vyake navyo huja pasipotarajiwa, vingine vikiwa nusu vina tu. Alirithi nyumba ya mababu akabomoa kuta za ndani, lakini hakung'oa msingi. Laiti mabishano yetu ya wanamapokeo na wanausasa yangetumia muda mwingi zaidi kuipima mishororo namna hiyo, badala ya kugawana kambi.

Diwani ya pili, Le occasioni, ilitoka mwaka 1939. Ya tatu, La bufera e altro, mwaka 1956. Kisha kikaja kimya cha miaka 15 hadi Satura ya mwaka 1971, iliyofuatwa mwaka 1973 na diwani ya mashairi ya mwaka 1971 na 1972. Kwa hivyo, alipotuzwa akiwa na umri wa miaka 79, nguzo za sifa yake zilikuwa diwani kuu tano zilizoandikwa katika nusu karne. Wapo washairi wa Kiswahili waliotunga zaidi ya hapo katika muongo mmoja.

Wala hakuwa mtu wa kubebwa na dola. Mwaka 1925 alitia saini tamko la wasomi waliopinga ufashisti, lililoandikwa na mwanafalsafa Benedetto Croce. Kuanzia mwaka 1929 aliiongoza maktaba mashuhuri ya Gabinetto Vieusseux mjini Firenze, na mwaka 1938 akaachishwa kazi kwa kuwa hakuwa mwanachama wa chama cha Mussolini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alihamia Milano akawa mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera, akijipatia chakula kwa makala za safari, tahakiki za vitabu na za muziki. Heshima ya dola ilimjia uzeeni, alipoteuliwa kuwa seneta wa maisha mwaka 1967.

Waliomshika Mkono

Hebu sasa tuwatazame watu waliosimama kati ya mshairi huyu na tuzo yake. Wa kwanza ni Piero Gobetti, mchapishaji kijana wa Torino na mpinzani shupavu wa ufashisti. Ndiye aliyeichapisha Ossi di seppia, kitabu cha mtu asiyejulikana. Miezi michache baadaye Gobetti alifia uhamishoni Paris, akiwa hajatimiza hata miaka 25. Hakupata faida yoyote kutokana na diwani hiyo, lakini pasipo yeye pengine isingetoka wakati huo.

Wa pili ni mhakiki Gianfranco Contini. Contini alianza kuandika juu ya Montale mwaka 1933, akiwa kijana wa miaka 21, na hakuacha. Mwaka 1943, katikati ya vita, alisaidia kuyavusha mpaka mashairi ambayo mazingira ya Italia yasingeyavumilia, yakachapishwa Lugano, Uswisi, katika kitabu kidogo kiitwacho Finisterre. Mwaka 1974 alizikusanya insha zake zote kuhusu Montale katika kitabu kimoja ambacho jina lake, Una lunga fedeltà, lina maana ya uaminifu wa muda mrefu. Mwaka 1980, mshairi mwenyewe akiwa bado hai, Contini na Rosanna Bettarini walitoa toleo la kitaalamu la mashairi yake yote, lenye kuonyesha jinsi kila shairi lilivyobadilika kutoka mswada mmoja hadi mwingine. Tufanye hesabu: tangu 1933 hadi 1980 ni miaka 47. Mtu mmoja, mshairi mmoja, miaka 47.

Wa tatu ni watafsiri. Mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya Ossi di seppia, jarida la The Criterion la T. S. Eliot mjini London lilichapisha shairi la Montale liitwalo "Arsenio", kwa tafsiri ya Kiingereza ya Mario Praz, msomi Mwitaliano. Mwaka 1961 mshairi Mmarekani Robert Lowell alimwingiza Montale katika kitabu chake cha tafsiri huru, Imitations. Huko Uswidi alikuwako Anders Österling, mshairi, mwanachama wa Akademia na katibu wake wa kudumu kuanzia 1941 hadi 1964, ambaye pia alikuwa mtafsiri wa ushairi wa Kiitaliano. Österling ndiye aliyetoa hotuba ya kumtambulisha Salvatore Quasimodo, mshairi mwingine wa Italia, alipotuzwa mwaka 1959. Ndiye tena, akiwa mzee wa miaka 91, aliyemtambulisha Montale mwezi Desemba 1975. Ushairi wa Kiitaliano, basi, haukubisha hodi mlangoni pa wageni. Ndani ya nyumba mlikuwa na mtu aliyeusoma, akaupenda na kuuhamishia katika lugha ya wenyeji.

Kisa cha Quasimodo kinazidi kutufunza. Alipotuzwa, wahakiki wengi wa nchini mwake waliguna, wakisema kwamba Giuseppe Ungaretti au Montale ndiye aliyestahili. Ungaretti, mzawa wa Alexandria nchini Misri, hakuipata Nobel kamwe. Alichopata ni tuzo ya kwanza ya kimataifa ya jarida la Books Abroad, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 1970, miezi michache kabla ya kifo chake. Ikiwa ubora ungejiuza wenyewe, mpangilio wa tuzo hizi usingezua ubishi. Tuzo haipimi ubora peke yake. Hupima pia ule ubora uliofikishwa machoni pa anayepima.

Tusisahau kwamba Montale mwenyewe alikuwa mshika mkono wa wengine. Mwaka ule ule wa 1925 aliandika insha iliyowafumbua Waitaliano macho kuhusu Italo Svevo, mfanyabiashara wa Trieste aliyekuwa amepita miaka 60 na ambaye riwaya zake, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1892, zilikuwa zimepuuzwa. Leo Svevo ni miongoni mwa nguzo za riwaya ya Italia. Katika miaka ile ya kukosa kazi ya kudumu, Montale alitafsiri Shakespeare, Melville na wengineo. Mtu huyu aliyetafsiriwa alikuwa kwanza mtafsiri. Aliyehakikiwa alikuwa kwanza mhakiki.

Hali Ilivyo Kwetu

Je, sisi tuko wapi katika mizani hii? Tuanze na Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa karne ya 19. Mashairi yake yalikuwa mema, na watu waliyaimba. Lakini hayakujiuza hadi kutufikia. Yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyafafanua, W. E. Taylor akayahifadhi katika hati zake, William Hichens akayachapisha mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, na Mohamed H. Abdulaziz akayafanyia utafiti na kutoa kitabu mjini Nairobi mwaka 1979. Mnyororo wa Muyaka unafanana na ule wa Montale: mtunzi, mkusanyaji, mhariri, mhakiki. Kiungo kimoja kingekatika, leo tungekuwa na jina tupu, au tusingekuwa na hata hilo jina.

Sasa tumtazame Kezilahabi. Kichomi ilitoka mwaka 1974. Mwaka 1987 mashairi yake teule yalitoka Napoli kwa Kiitaliano, yametafsiriwa na Elena Bertoncini Zúbková, mtaalamu aliyeitumikia fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo kwa miaka mingi. Kitabu cha mashairi yake teule kwa Kiingereza, kilichotafsiriwa na Annmarie Drury, kilitoka Marekani mwaka 2015. Montale alingoja miaka mitatu kabla ya shairi lake kusomwa London. Kezilahabi alingoja miaka 41 kabla ya kupata kitabu kama hicho kwa Kiingereza, lugha ambayo sisi sote wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tunaitumia kila siku. Na waliotoa vitabu hivyo viwili hawakutoka Nairobi, Eldoret wala Dar es Salaam. Kezilahabi aliaga dunia Januari 2020. Kwa kuwa Nobel haitolewi kwa marehemu, mlango huo umefungwa kwake, kama ulivyofungwa kwa Shaaban Robert tangu mwaka 1962.

Mizizi ya tatizo hili imo katika namna tunavyofundishwa kusoma ushairi. Katika mfumo wa KCSE ambao wengi wetu tumeupitia, riwaya, tamthilia na hadithi fupi huteuliwa na kusomwa kama vitabu kamili. Shairi hutokea peke yake kwenye karatasi ya mtihani, limeng'olewa kutoka kwa diwani yake, na mtahiniwa huulizwa bahari, idadi ya mizani, mpangilio wa vina na uhuru wa mshairi. Akishajibu, amemalizana nalo. Hakuna anayemuuliza shairi hilo lina uhusiano gani na shairi linalolitangulia katika kitabu, au mshairi alibadilikaje kati ya diwani yake ya kwanza na ya tatu. Tunafika chuo kikuu tukiwa mafundi wa kuhesabu silabi, ilhali wengi wetu hatujawahi kuisoma diwani moja kutoka jalada hadi jalada.

Uhakiki wetu nao umeegemea mno kwenye miongozo. Soko la miongozo ya vitabu teule limenawiri kwa sababu lina mnunuzi wa lazima. Mtihani ukibadilishwa, mwongozo hutupwa na kitabu chenyewe husahaulika. Katika vyuo, tasnifu huandikwa, hutetewa, hufungwa kwa jalada gumu na kulala maktabani. Mwanafunzi akihitimu, humwaga mkono wa kwaheri mshairi aliyemtafiti kwa miaka miwili. Mwaka 2015, tuzo ya kwanza ya ushairi ya Mabati-Cornell ilimwendea Mohammed Khelef Ghassani kwa N'na Kwetu. Tulipiga makofi. Lakini baada ya makofi, ni insha ngapi za kina tulizoiandikia diwani hiyo? Tuzo isiyofuatwa na usomaji ni kama ngoma iliyopigwa pasipo mchezaji.

Pingamizi Mbili

Najua kwamba wapo watakaosema: Ulaya ilimtuza Mwulaya mwenzake, kuna ajabu gani? Pingamizi hili lina uzito, na mgala muue na haki yake mpe. Orodha ya washindi wa Nobel imejaa Wazungu, na Italia peke yake ina sita: Carducci, Deledda, Pirandello, Quasimodo, Montale na Dario Fo. Njia ya kutoka Milano hadi Stockholm ilikuwa fupi kuliko ya kutoka Mombasa, na si kwa kilomita tu. Tafsiri pia haimhakikishii mtu ushindi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kikikuyu, akazitafsiri mwenyewe baadhi ya kazi zake kwa Kiingereza, jina lake likavuma mwaka baada ya mwaka, na akafariki mwaka 2025 bila Nobel. Hata hivyo, upendeleo wa wengine hauifuti kazi yetu. Rabindranath Tagore alitunga kwa Kibengali, na mwaka 1913 aliwafikia waamuzi kupitia tafsiri ya Kiingereza aliyoiandaa mwenyewe. Naguib Mahfouz wa Misri aliandika kwa Kiarabu, akatuzwa mwaka 1988. Asiyetafsiriwa hawezi hata kudai kwamba amebaguliwa, kwa kuwa hakuna aliyemsoma akamkataa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini tuhangaikie muhuri wa wageni? Je, huu si utumwa wa kiakili uliovaa joho jipya? Jibu langu ni kwamba tuzo si shabaha. Ni kivuli cha kazi iliyotangulia. Tuseme Montale asingetuzwa mwaka 1975. Je, Waitaliano wangepoteza nini? Wangekosa sherehe moja. Insha za Contini zingebaki, toleo la kitaalamu lingetoka, na mwanafunzi wa Milano angeendelea kumsoma mshairi wake akiwa na vifaa vyote mezani. Na sisi, hata kama Stockholm haitatukumbuka milele, tukifanya kazi hiyo tutakuwa na matoleo yaliyohaririwa vizuri, historia za washairi wetu, na lugha ya uhakiki iliyokomaa. Hiyo ni faida ya nyumbani. Mgeni akija, na aje mwenyeji apone. Asipokuja, mwenyeji awe ameshapona.

Montale mwenyewe hakuiabudu tuzo. Katika mhadhara wake wa Nobel wa Desemba 1975 aliuliza iwapo ushairi bado unawezekana katika zama za mashine za kupasha habari na burudani za umati. Hakutoa jibu la kufariji. Swali lake linatuhusu sisi wa zama za simu zaidi ya lilivyowahusu waliomsikiliza siku ile.

Tufanye Nini?

Pendekezo la kwanza ni la haki ambayo tunayo na ambayo huzungumzwa kwa nadra katika mijadala yetu. Kanuni za Nobel zinawataja wenye uwezo wa kupendekeza majina: wanachama wa Akademia ya Uswidi na wa taasisi zinazofanana nayo, washindi wa awali, marais wa vyama vya waandishi vinavyowakilisha utunzi wa nchi zao, na maprofesa wa fasihi na wa isimu katika vyuo vikuu. Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Mapendekezo hupokelewa hadi mwisho wa Januari, na majina hufichwa kwa miaka 50. Maprofesa wetu wa Kiswahili, basi, wanayo nafasi ya kupendekeza. Lakini barua bila vitabu ni bahasha tupu. Waamuzi watauliza: tumsome mshairi huyu katika lugha gani? Nani ameandika juu yake? Barua ya profesa inahitaji rafu ya vitabu nyuma yake.

La pili linawahusu wanafunzi. Kozi ya tafsiri katika idara zetu imekuwa ya kutafsiri hotuba, matangazo na hati za ofisi. Hizo zina mahali pake. Lakini iwe desturi kwamba kila mhitimu wa ushairi anaacha nyuma yake angalau mashairi kumi aliyoyatafsiri kwa makini, pamoja na maelezo ya maamuzi yake: kwa nini alikiacha kina, kwa nini alibadilisha taswira. Na daraja lipitike pande zote mbili. Mwalimu Julius Nyerere alitutafsiria tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Kaizari na ile ya mabepari wa Venisi. Zote zina mandhari ya Italia, lakini zimetufikia kupitia Uingereza. Waitaliano wanaweza kumsoma Kezilahabi kwa lugha yao. Ni haki nasi tuwe na Montale wetu kwa Kiswahili, tujue mfupa wa ngisi unasikikaje ukitamkwa na mtu wa pwani ya Bahari Hindi. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alimrudisha Gurnah nyumbani kwa kutafsiri riwaya yake ya Paradise kwa jina la Peponi. Huo ni mfano wa kuigwa kabla ya tuzo, si baada yake tu.

La tatu linawahusu wahadhiri na wahakiki chipukizi. Tujifunze uaminifu wa muda mrefu. Mtu amchague mshairi mmoja aliye hai, amsome tangu diwani ya kwanza, amhoji, aihifadhi miswada yake, aandike juu yake leo na aandike tena baada ya miaka mitano. Abdilatif Abdalla alizitunga tungo za Sauti ya Dhiki gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972. Ni jambo la kutia moyo kwamba diwani hiyo imehakikiwa mara nyingi, lakini mashairi ya mtu hayaishii kwenye diwani moja. Vivyo hivyo kwa washairi wengine wengi ambao hujulikana kwetu kwa kitabu kimoja, na wakati mwingine kwa shairi moja lililowahi kutahiniwa.

Nilianza na methali, na sasa nitaomba tuiweke kando tuchukue nyingine. Katika chema chajiuza, kuna kirejeshi ji: chema chenyewe ndicho mtenda na ndicho mtendwa, wala hakuna mwingine anayehitajika. Wahenga hao hao walisema pia kwamba chanda chema huvikwa pete. Hapa kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Chanda hakijivishi pete. Yupo aliyekiona kuwa ni chema, akaitafuta pete, akaipima na kukivisha. Waitaliano walikiona chanda chao, wakakishika kwa nusu karne. Vyanda vya Kiswahili havijapungua wema. Kilichopungua ni mikono ya kuvishika.